Mwenye Vyombo: Kumbukumbu ya Wenye Bendi wa Tanga

Njia itokayo Tanga mjini kwenda Pangani kwa kufuata pwani hupita Machui, ikapita Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, kisha ikafika Kigombe, kijiji cha wavuvi ambacho mgongoni pake pana mkonge na usoni pake pana bahari. Fasihi ya Kiswahili ina deni kwa njia hii. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, mwaka 1909, na alipofariki mwaka 1962 alizikwa huko huko. Miongoni mwa vitabu vyake kimo kimoja ambacho mhakiki wa muziki hana budi kukirudia kila mara, nacho ni Wasifu wa Siti binti Saad. Kabla ya kitabu hicho maisha ya mwimbaji yalikuwa habari ya barazani. Baada yake yalikuwa jambo la kuandikwa kwa heshima ile ile wapewayo watawala na wanavyuoni.

Tangu wakati huo waimbaji wa pwani wamepata watu wa kuwasifu, ingawa si wengi. Shakila Saidi, sauti kubwa ya Black Star na Lucky Star, alipofariki mwaka 2016 alililiwa na wengi, na nyimbo zake zilipigwa upya. Wapiga gita nao wana wapenzi wao, ambao hata leo hubishana juu ya nani alipiga gita la kwanza katika santuri fulani na nani alimfuatia. Lakini yuko mtu mmoja aliyekuwapo katika kila usiku wa dansi wa miaka ya 1960, na ambaye aghalabu hatajwi ila kwa kulaumiwa. Ndiye aliyenunua vyombo kabla ya mtu yeyote kuvipiga. Ndiye aliyekodi ukumbi, akabandika matangazo, akatafuta gari la kubeba bendi, akaweka mtu mlangoni wa kupokea kiingilio, na asubuhi akahesabu akaona kama iko faida au iko hasara. Watu wa dansi humwita mwenye bendi. Jina hilo ni sahihi, lakini lingekuwa sahihi zaidi kama lingekuwa mwenye vyombo, maana bendi ni watu, na watu walikuja wakaondoka. Vyombo ndivyo vilivyobaki.

Ni vema kumtenga mtu huyu na mwenzake wa nchi za mbali, ili asipimwe kwa kipimo kisicho chake. Katika Marekani ya miaka hiyo hiyo aliishi Bill Graham, aliyefariki mwaka 1991, mtu aliyejulikana kwa kupanga maonyesho ya muziki wa roki katika ukumbi wa Fillmore mjini San Francisco. Kazi ya Graham ilikuwa kuwa na ukumbi na kualika bendi. Bendi zilikuja na magita yao, na baada ya onyesho ziliondoka nayo. Kama mkataba haukupendeza, mpiga gita aliweza kwenda kwa mwingine na chombo chake mkononi. Tanga hali ilikuwa kinyume. Gita la umeme, mashine ya kukuza sauti, dramu na tarumbeta vilikuwa vitu vya bei ambayo kijana aliyetoka shambani hakuweza kuifikia kwa mshahara wake hata kwa miaka. Hivyo mpangaji wa dansi hakuwa dalali tu kati ya ukumbi na wanamuziki. Alikuwa amewashikia wanamuziki ulimi wao. Sifa zake zote na lawama zake zote hutoka katika jambo hili moja.

Mfano ulio karibu ni Jamhuri Jazz Band, na jina linalofungamana na bendi hiyo ni la Joseph Bagabuje, kiongozi wake. Asili ya bendi hiyo hutajwa kuwa kikundi kilichoitwa Young Nyamwezi, na jina hilo peke yake ni historia fupi ya Tanga. Wanyamwezi si watu wa pwani. Waliletwa na mkonge. Mmea huo uliingizwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miaka sabini iliyofuata uliigeuza nchi iliyo kati ya Usambara na bahari kuwa safu ya mashamba, na safu ya kambi za watu waliotoka mbali: Unyamwezi, Uha, Umakonde, hata Rwanda na Burundi. Watu hao walikuwa na fedha kidogo, upweke mwingi, na jioni ndefu. Yamkini hakuna njia bora ya kueleza kwa nini mji wenye ukubwa wa Tanga uliweza kulisha Jamhuri, Atomic, Amboni na bendi nyingine kwa wakati mmoja, pamoja na vyama vya taarabu vilivyojaa wanachama. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge, na hapana nchi duniani iliyoishinda. Kiingilio cha dansi kilikuwa sehemu ya mkonge huo iliyorudi mjini usiku wa Jumamosi.

Mwenye bendi alilijua jambo hili kuliko mwanauchumi. Kalenda yake ilikuwa siku ya mshahara. Katika zama za kipande, mkata mkonge alilipwa kadi yake ilipotimia siku 30 za kazi, nazo hazikutimia kwa wote kwa siku moja. Baadaye mishahara ya mwezi ilipoenea, mwisho wa mwezi ukawa na thamani ya wiki tatu zilizotangulia. Kupeleka bendi shambani katikati ya mwezi kulikuwa kupeleka jahazi maji yakiwa yamekupwa. Mfano huu wa bahari haukutafutwa kwa mapambo tu. Kigombe watu walikuwa wa namna mbili, mmoja aliyefuata mwezi wa mshahara na mmoja aliyefuata mwezi wa angani, yaani bamvua na maji mafu. Mvuvi alikuwa na fedha siku ambayo mkata mkonge hana, na alikuwa na haja na muziki mwingine.

Na hapa pana jambo ambalo waandishi wengi wa habari za dansi hulipita. Pwani haikungoja mwenye bendi afike ndipo ijue kupanga tamasha. Ngoma ya beni, ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975, ilikuwa na vyama vya Marini na Arinoti vilivyoenea pwani yote tangu kabla ya vita ya 1914, navyo vilikuwa na wafalme, majenerali na madaktari wa kubuni, kila mmoja na kazi yake: huyu wa michango, huyu wa wageni, huyu wa kutazama mavazi. Gharama ya usiku mmoja ilibebwa na chama kizima, na fahari ya usiku huo ikawa ya chama kizima. Taarabu ya Tanga ilirithi desturi hiyo. Black Star na Lucky Star zilikuwa vilabu, zenye wanachama, na onyesho lao la kawaida lilikuwa arusi, ambapo mwenye shughuli hugharimia na wasikilizaji huinuka mmoja mmoja kumtunza mwimbaji mbele ya macho ya watu. Fedha ya taarabu ilionekana ikitoka mkononi na ikionekana ilikwenda kwa nani. Fedha ya dansi iliingia mlangoni, gizani, katika sanduku la mtu mmoja.

Tofauti hii ndiyo iliyofanya mwenye bendi atiliwe shaka tangu mwanzo. Mtu wa Kigombe aliyezoea arusi hakuwa na tabu ya kulipia muziki. Tabu yake ilikuwa kulipa kabla hajausikia, na kumlipa asiyeimba. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililomfanya mtunzaji wa klabu ya taarabu aitwe mfadhili, na mwenye bendi, ambaye pengine alipata hasara kubwa zaidi, aitwe mfanyabiashara.

Je, mtu huyu aliuongezea muziki wenyewe kitu chochote, au alikuwa nje yake kama mwenye nyumba alivyo nje ya mapenzi ya wapangaji wake? Swali hili ndilo la uhakiki hasa, na jibu lake limo katika nyimbo zenyewe. Wimbo wa dansi wa Tanga wa miaka ile una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maneno: mwimbaji hueleza kisa chake, cha mapenzi au cha safari au cha ndugu asiyejali, na magita humfuata kwa upole. Ya pili ni ya magita: maneno hupungua, gita la kwanza hupanda juu, la pili hushika mwendo wake usiobadilika, na besi huzunguka chini yao. Katika santuri ya miaka hiyo sehemu hizi mara nyingi ziligawanywa, ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, kwa kuwa upande mmoja haukuchukua zaidi ya dakika chache. Msikilizaji wa leo, ambaye hana ila santuri na kanda za redio, hudhani kwamba sehemu ya pili ni mkia. Ukumbini haikuwa mkia. Ilikuwa wimbo wenyewe, na iliweza kurefushwa kadiri miguu ilivyotaka, kwa sababu aliyelipa kiingilio alilipa ili acheze, na mwenye bendi aliyejua kazi yake hakukubali sakafu ipoe. Ustadi wa Harrison Siwale, aliyeitwa Satchmo, katika gita la pili la Jamhuri, hauelezeki bila kufikiri juu ya sakafu hiyo. Mkono wake ulifundishwa kudumu.

Kisha iko mitindo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na jina lilitangazwa ndani ya wimbo kama mchuuzi anavyotangaza bidhaa yake: NUTA walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, Atomic walikuwa na Kiweke, na Jamhuri walikuwa na Toyota. Mtaalamu wa muziki akiisikiliza Kiweke na Toyota kwa sikio la darasani atapata tofauti chache kuliko alizoahidiwa. Magita yale yale, mwendo wa rumba ule ule uliotoka Cuba ukapitia Kongo. Lakini mtu aliyesema hana haja na dansi ila Toyota hakuwa mjinga. Mtindo ulikuwa bendera ya timu, na mashindano ya Jamhuri na Atomic yaliirudisha Tanga ile hamasa ya Marini na Arinoti ambayo ilikuwa imeanza kufifia. Mashindano hayo yalinufaisha mlango, hapana shaka. Yalinufaisha pia muziki, kwa kuwa Stephen Hiza wa Atomic asingetunga vile alivyotunga kama ng'ambo ya mtaa wa pili pasingekuwa na Jamhuri. Mtunzi huhitaji adui mwema, na kumwekea mtunzi adui mwema ni kazi ya mpangaji.

Hayo ni ya sifa. Ya lawama hayawezi kufichwa, wala si haki kuyaficha kwa sababu ya heshima ya marehemu. Mwanamuziki wa zama zile alipiga usiku kucha kwa ujira mdogo. Akikosana na mwenye bendi aliondoka mikono mitupu, bila gita, bila haki juu ya jina la bendi, na aghalabu bila kitu chochote kutokana na nyimbo alizotunga. Redio ya taifa ilizirekodi nyimbo hizo na kuzipiga kwa miaka, nazo santuri zilitengenezwa Kenya na kuuzwa na wafanyabiashara wa huko. Malalamiko ya wanamuziki wa kizazi hicho juu ya malipo yao ni mengi na yanafanana mno kuwa ya uongo. Kwa hiyo kuhama kukawa ada. Mpiga gita aliyesikia kwamba bendi fulani imepata vyombo vipya alikuwa amekwisha kufunga mzigo.

Ndugu wawili, Wilson Peter na George Peter Kinyonga, walianza kazi Jamhuri mwaka 1966. Kufika mwaka 1970 walikuwa Arusha, katika Arusha Jazz, na mwaka 1971 walivuka mpaka wakaingia Mombasa, ambako bendi yao ikaitwa Simba Wanyika. Mwaka 1975 walikuwa Nairobi. Kwa kawaida habari hii husimuliwa kama ukombozi: vijana wamemtoroka bwana, wamekwenda kujipatia chao. Ni kweli kwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba walipojipatia chao, wao wenyewe wakawa ndio wenye bendi, na mwaka 1978 sehemu kubwa ya wapigaji wao wakawaacha wakaanzisha Les Wanyika. Aliyekuwa mtoro akatorokwa. Asiyetaka kuona katika kisa hiki ila ubaya wa mtu mmoja wa Tanga ana kazi ya kueleza kwa nini kilijirudia Nairobi, kwa watu wengine, ambao hawakuwa wageni wa shida ya mpiga gita. Kilijirudia kwa sababu vyombo vilikuwa ghali na vichache, na kila aliyevishika alilazimika kuwa mkali au kufilisika. Katika muda wa miaka minne tu, baina ya kuingia kwao na kutoka kwao, Jamhuri iliwapa ndugu hao sakafu, hadhira, mpinzani, na usiku mwingi wa kukosea na kurekebisha. Kisomo hicho hakikuwa cha bure, lakini hapakuwa na chuo kingine.

Ukitazama ni nani kati ya wapangaji wa zama zile anayekumbukwa, utaona kwamba kukumbukwa hakukufuata ukubwa wa kazi. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, alikuwa mwenye Cuban Marimba na pia mtunzi na mwimbaji wake. Umwenye wake umesamehewa kwa ajili ya sauti yake. Kule Nairobi, Peter Colmore, Mwingereza aliyefariki mwaka 2004, ndiye aliyemleta Edouard Masengo kutoka Katanga na kumfanya ajulikane Afrika Mashariki yote. Lakini Colmore alikuwa na studio, na alikuwa na makampuni ya bidhaa yaliyolipia matangazo, na mtu mwenye studio huacha ushahidi nyuma yake. Mwenye bendi wa Tanga hakuwa na sauti ya kuimba wala studio. Alichoacha ni madaftari ya hesabu, kama yalikuwapo, na madaftari ya hesabu huliwa na mchwa kabla ya kitu chochote. Hivyo kumbukumbu yake haina budi kutafutwa katika majina ya watu wengine. Anayesema Kinyonga, anayesema Siwale, amekwisha kumtaja Bagabuje, apende asipende.

Zama zake zilikuwa fupi. Bei ya mkonge ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960, wakati nyuzi za viwandani zilipochukua nafasi ya kamba za katani, na mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikawa mali ya umma. Kambi zilipungua watu. Wakati huo huo alitokea mshindani ambaye hakuna mtu binafsi aliyeweza kushindana naye. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake mwaka 1964, na baada yake zikafuata bendi za jeshi, za polisi na za mashirika. Bendi hizo zilimpa mwanamuziki mshahara wa mwezi ulio wa hakika, na vyombo vilivyonunuliwa kwa fedha ya taasisi. Ni haki kusema kwamba mfumo huo ulimtibu mpiga gita maradhi mengi aliyoyapata kwa mwenye bendi. Shakila mwenyewe aliishia katika taarabu ya jeshi, Dar es Salaam. Lakini taasisi ina mambo yake. Bendi ya taasisi haikupaswa kujaza mlango ili iishi, na ilipaswa kuimba yaliyopendeza wakubwa. Na mwaka 1969, muziki wa soul ulipopigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam, ilidhihirika kwamba sasa wako watu wengine wa kuamua sakafu icheze nini. Miaka ya 1970 ilipoleta upungufu wa fedha za kigeni, mtu binafsi hakuweza tena kuagiza hata nyuzi za gita kwa urahisi.

Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyo wa nyimbo za Black Star na Lucky Star, ukaitwa Nyota, nao ukasikika katika nchi ambazo hazijapata kulisikia jina la Tanga ila juu ya magunia. Kwenye jalada yamo majina ya vilabu vyote viwili. Klabu ilikuwa ndiyo mwenye vyombo, kwa hiyo mwenye vyombo hakusahauliwa. Kwa upande wa dansi, santuri za Jamhuri zina jina la bendi na jina la kampuni iliyozichapa. Ndani yake, gita la kwanza linapoanza kupanda, mtu mmoja huita Toyota kwa sauti ya furaha, kama anayemwita mwenziwe aliye ng'ambo ya sakafu.